Mkono Usioweza Tena Kazi

Mtakatifu Luka, ambaye mapokeo ya Kanisa yamtaja kuwa mganga, alipoandika habari za mtu aliyeponywa na Bwana wetu katika sinagogi siku ya Sabato, hakuridhika kusema kwamba mkono wake ulikuwa umepooza. Aliongeza neno moja ambalo Matayo na Marko hawakuliandika: ulikuwa mkono wa kuume. Neno hilo si la bure. Kwa watu wengi mkono wa kuume ndio ushikao jembe, nyundo, kisu na kalamu. Mtu akiupoteza, riziki yake imeingia hatarini. Mwinjili hakutazama ugonjwa peke yake, bali alitazama pia yale ambayo mgonjwa hakuweza tena kuyatenda.

Katika fundisho la juma hili twataka kuonyesha kwamba sheria moja ya nchi ya mbali inamtazama mgonjwa kwa namna iyo hiyo, na kwamba ndugu zetu wengi hupoteza haki yao kwa kutolijua jambo hilo.

NANI WANAHUSIKA

Tangu miaka ya 2010 maelfu ya Wakongo wasemao Kiswahili, wengi wao wakiwa wamekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, wamepelekwa Marekani kuanza maisha mapya. Huko wengi wamepata kazi za mikono: kukata nyama katika viwanda vya machinjio, kupanga mizigo ghalani, kufua mashuka ya mahoteli, kuwahudumia wazee. Hizo ni kazi halali na za heshima. Kwa mishahara yake watoto husomeshwa, na jamaa waliobaki huku husaidiwa. Lakini nyingi zamtaka mtu arudie tendo lile lile mara maelfu kwa siku, na kiungo ambacho mara nyingi huanza kulalamika ni kifundo cha mkono.

Hapo ndipo huzuka swali. Je, mtu ambaye kifundo chake kimeharibika kwa muda mrefu aweza kupewa malipo ya ulemavu na Serikali ya Marekani? Jibu ni kwamba aweza, lakini si kwa sababu ya jina la ugonjwa wake. Sheria haitosheki kuuliza, "Unaumwa nini?" Yauliza hasa, "Mkono wako waweza kufanya nini bado, kwa muda gani, na mara ngapi kwa siku?" Asiyelielewa jambo hili aweza kukataliwa hata akiwa mgonjwa kweli. Alielewaye aweza kuitetea haki yake pasipo kusema uongo hata mmoja.

UGONJWA WENYEWE

Kifundo cha mkono kimejengwa kwa mifupa midogo 8. Upande wa kiganja mna njia nyembamba ambamo hupita kano 9 zikunjazo vidole, pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Sehemu hizo zikivimba, mshipa hubanwa. Mgonjwa huamka usiku kwa ganzi na maumivu katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Vitu humponyoka mkononi. Na ugonjwa ukizidi, nyama iliyo chini ya kidole gumba hunywea. Huko Marekani waganga huuita ugonjwa huu kapali taneli.

Yako na mengine. Kano za upande wa kidole gumba huweza kuvimba katika ala yake, ugonjwa ulioelezwa mwaka 1895 na mganga wa Uswisi, Fritz de Quervain. Mfupa mmoja wa kifundo huweza kufa kwa kukosa damu, kama alivyoeleza Robert Kienböck wa Vienna mwaka 1910. Baridi yabisi hula viungo vya mikono yote miwili, na mfupa uliovunjika usipounga vema huacha maumivu ya kudumu.

Wengi wa wagonjwa hawa hupata nafuu kwa kufungwa banzi usiku, kwa sindano, kwa mazoezi, au kwa upasuaji. Ndiyo sababu Serikali haikubali kwamba kila mwenye ugonjwa wa kifundo ni mlemavu. Yataka kujua ni nani ambaye, baada ya kutibiwa, mkono wake umebaki hauwezi.

NI BIMA, SI SADAKA

Baadhi ya Wakristu huona haya kudai malipo haya, wakidhani kwamba wanaomba sadaka. Yafaa wajue asili yake.

Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi Sheria ya Hifadhi ya Jamii tarehe 14 Agosti 1935, lakini sheria ile haikuwa na bima ya wafanyakazi waliopata ulemavu. Bima hiyo iliongezwa mwaka 1956, wakati wa Rais Dwight Eisenhower, kwa wafanyakazi wa miaka 50 hadi 64. Na mwaka 1960 sharti la kutimiza miaka 50 likaondolewa. Fedha zake hutoka katika makato ya mishahara. Mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 kwa ajili ya hifadhi hiyo ya jamii, na mwajiri hutoa kiasi kile kile. Basi adaiye kwa haki hadai mali ya mwingine. Aomba bima aliyoichangia kwa jasho lake.

Kwa kuwa ni bima, yampasa mtu awe amechangia vya kutosha. Kwa kawaida mwenye miaka 31 au zaidi hutakiwa awe na alama 20 za kazi katika miaka 10 iliyotangulia ulemavu wake, na wenye umri mkubwa hutakiwa kuwa na jumla kubwa zaidi ya alama za maisha yao yote ya kazi. Mtu huweza kupata alama 4 kwa mwaka, yaani alama 20 ni sawa na miaka 5 ya kazi. Vijana hutakiwa alama chache zaidi. Angalieni jambo hili: mtu akiacha kazi kwa maumivu, akakaa kimya miaka mingi, aweza kukuta bima yake imekwisha, kama taa iliyokwishiwa mafuta kabla bwana arusi hajafika.

Yafaa pia kutochanganya mambo matatu. Kwanza, iko bima hii tuliyoieleza. Pili, uko msaada kwa walemavu maskini, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1972 na kuanza kulipwa mwaka 1974. Huo hautegemei makato, lakini hutazama mali na pato la mwombaji, na una masharti magumu kwa asiye raia. Tatu, iko fidia ya aliyeumia kazini, ambayo kwa wafanyakazi wengi hutawaliwa na sheria za kila jimbo. Mwenye kuumizwa na kazi amwarifu mwajiri wake mapema, tena kwa maandishi, kwa maana katika majimbo mengi muda wa kufanya hivyo ni mfupi. Mtu aweza kupata bima na fidia pamoja, ila kwa kawaida malipo hayo mawili hupunguzwa yasipite asilimia 80 ya wastani wa mapato yake ya zamani.

MASWALI MATANO YA SHERIA

Sheria ya Marekani humwita mlemavu yule asiyeweza kufanya kazi yoyote ya maana yenye kuleta pato, kwa sababu ya ugonjwa uliothibitishwa na waganga, ambao umedumu au watazamiwa kudumu miezi 12 mfululizo, au kuleta kifo. Hakuna ulemavu wa nusu wala wa robo. Ili kulipima jambo hili, Idara ya Hifadhi ya Jamii huuliza maswali matano kwa utaratibu wake.

La kwanza: Je, mwombaji afanya kazi ya maana sasa? Kipimo cha kawaida ni pato la mwezi. Mwaka 2025 mpaka wake ulikuwa dola 1,620 kwa asiye kipofu, na mpaka huo hubadilika karibu kila mwaka. Apataye kwa kazi yake zaidi ya hapo kwa kawaida hukataliwa papo hapo.

La pili: Je, ugonjwa wake ni mzito, hata humzuia katika matendo ya msingi ya kazi? Maumivu yajayo na kupita hayatoshi.

La tatu: Je, ugonjwa huo watimiza masharti ya orodha ya magonjwa makubwa iliyowekwa na Idara? Hapa wagonjwa wengi wa kifundo hushindwa. Katika masharti yaliyoanza kutumika mwaka 2021, kifundo na kiganja huhesabiwa pamoja kuwa kiungo kimoja kikubwa. Haitoshi kiungo hicho kuuma na kukakamaa. Yatakiwa ionekane kwamba mikono yote miwili haiwezi kuanza, kuendeleza na kumaliza matendo ya kazi. Au kwamba mkono mmoja hauwezi, na ule mwingine wahitajiwa kushika fimbo au chombo kingine cha kutembelea. Aliyeharibikiwa kifundo kimoja tu, na miguu yake ni mizima, hawezi kutegemea orodha hiyo. Lakini asikate tamaa, kwa maana yamebaki maswali mawili.

La nne: Je, aweza kurudia kazi yake ya zamani? Tangu Juni 2024 hutazamwa kazi za miaka 5 iliyopita, ambapo zamani zilitazamwa za miaka 15.

La tano: Ikiwa hawezi kurudia kazi ile, je, aweza kufanya kazi nyingine yoyote ipatikanayo kwa wingi nchini? Hapa hutazamwa uwezo uliobaki, umri, elimu na ujuzi. Kwa wenye ugonjwa wa mikono, hili ndilo swali ambalo mara nyingi huamua shauri.

MFANO

Tuwaze mama wa miaka 52, ambaye masomo yake yaliishia katika shule ya msingi, na kazi yake ya miaka 8 ilikuwa kukata nyama kiwandani, kazi isiyohitaji ufundi. Amefanyiwa upasuaji wa mikono yote miwili, wala hakupona. Kukata nyama hawezi tena. Je, aweza nini?

Ikiwa mganga wake ameandika kwamba aweza kuinua paundi 20, yaani kilo 9 hivi, na mara kwa mara paundi 10, Idara yaweza kusema kwamba aweza kazi nyepesi, naye akakataliwa. Ikiwa uwezo wake uliobaki ni wa paundi 10 tu, yaani chini kidogo ya kilo 5, na Idara ikaamua kwamba hawezi zaidi ya kazi za kukaa, basi kwa umri wake, elimu yake na kazi yake, kanuni zamhesabu kuwa mlemavu. Tazameni jinsi tarakimu moja katika karatasi ya mganga iwezavyo kugeuza shauri zima!

Kijana wa miaka 35 mwenye hali iyo hiyo hatasaidiwa na kanuni hiyo ya umri. Yeye yampasa aonyeshe kwamba vidole vyake haviwezi kushika, kupindua na kuokota vitu vidogo. Idara yenyewe, katika maelezo yake ya mwaka 1996, imekiri kwamba kazi nyingi za kukaa zisizo za ufundi zahitaji mikono yote miwili yenye vidole vizuri. Ikithibitika kwamba mikono yote miwili imepungukiwa sana, idadi ya kazi zilizobaki kwake hupungua sana.

Neno moja zaidi kwa wasemao Kiswahili. Zamani kutojua Kiingereza kulihesabiwa peke yake katika swali hili la tano, na wazee wengine walisaidiwa nalo. Kanuni hiyo ilifutwa tangu Aprili 2020. Asiyejua Kiingereza asitegemee tena sababu hiyo. Hata hivyo ana haki ya kupewa mkalimani na Idara pasipo malipo. Na ni heri amwombe huyo, kuliko kumtumia mtoto wake mdogo kutafsiri maumivu ya mzazi.

UKWELI PASIPO AIBU WALA CHUMVI

Twafika sasa penye kiini cha fundisho hili. Katika shauri la namna hii mgonjwa huweza kukosa kwa njia mbili, nazo zote ni kinyume cha ukweli.

Njia ya kwanza ni kutia chumvi. Asemaye kwamba hawezi hata kushika kijiko, na kumbe majirani wamemwona akipakia magunia, amevunja amri ya Mungu inayokataza uongo, tena ameingia katika kosa la jinai. Hata katika mambo madogo, neno moja lisilolingana na karatasi za hospitali hupunguza nguvu ya maneno mengine yote.

Njia ya pili ni kuficha, na kwa watu wetu twaiogopa zaidi hii. Tumelelewa kuvumilia. Mganga akiuliza, "Habari za mkono?" twajibu, "Nzuri tu, ashukuriwe Mungu." Jibu hilo ni adabu njema sebuleni, lakini katika chumba cha mganga laandikwa, na baada ya miezi 10 lasomwa na karani asiyemjua mgonjwa: mgonjwa asema hajambo. Mgonjwa huyo hakudanganya kwa nia mbaya, lakini kweli haikuandikwa. Uvumilivu ni fadhila. Kuuficha ugonjwa mbele ya mganga si uvumilivu.

Basi mgonjwa afanye hivi. Aende kwa mganga kwa siku zilizopangwa, aeleze mambo yenyewe kwa vipimo: aamka mara ngapi usiku, aweza kumenya viazi kwa dakika ngapi kabla ganzi haijamshika, afunga vifungo vya shati mwenyewe au husaidiwa, ameangusha sufuria mara ngapi juma hili. Aombe ifanyike picha ya mifupa, au kipimo cha umeme cha mishipa ya fahamu, kama mganga aona yafaa. Maneno ya mgonjwa juu ya maumivu husikilizwa, lakini hayatoshi peke yake. Lazima pawepo na uthibitisho wa kitabibu.

Wala asitosheke na cheti kisemacho, "Mtu huyu hawezi kazi." Kuamua hilo ni juu ya Serikali, na cheti cha namna hiyo hakina uzito kwa peke yake. Lenye faida ni mganga aandike: mkono wa kuume waweza kuinua kiasi gani, vidole vyaweza kutumika kwa muda gani kati ya saa 8 za kazi, mgonjwa ahitaji kupumzika mara ngapi.

Kadhalika afuate matibabu. Akatae bila sababu njema dawa ambayo ingemrudisha kazini, naye aweza kukataliwa. Ikiwa sababu ni kukosa fedha, wala hakuna mahali pa kutibiwa bure, hiyo ni sababu njema. Lakini lazima aiseme.

Mwisho, atapewa fomu ya kueleza kazi zake za kila siku, namba SSA-3373. Asijibu kwa "ndiyo" na "hapana" tu. Akiulizwa kama anapika, asiandike "napika" ikiwa kweli yenyewe ni kwamba binti yake humkatia vitunguu, naye hukoroga kwa mkono wa kushoto na kukaa kila baada ya muda kidogo. Kweli nusu ni mzigo kwake mwenyewe.

AKIKATALIWA

Wengi hukataliwa mara ya kwanza. Bwana wetu alitupa mfano wa mjane aliyemwendea kadhi dhalimu tena na tena hata akapewa haki yake. Mfano ule ulihusu sala, lakini wafaa pia kutufundisha kutochoka katika jambo la haki.

Aliyekataliwa ana siku 60 za kukata rufani tangu alipopokea barua, nayo huhesabiwa kuwa imepokelewa siku 5 baada ya tarehe yake, isipokuwa athibitishe vingine. Kwanza shauri hupitiwa upya na mtu mwingine. Akikataliwa tena, huomba kusikilizwa na hakimu wa Idara. Hapo aweza kusema kwa kinywa chake mwenyewe na kuleta mashahidi. Baada yake lipo Baraza la Rufani, na mwisho Mahakama ya Serikali Kuu. Asiache siku 60 zipite na kuanza ombi jipya, kwa maana kwa kufanya hivyo aweza kupoteza malipo ya miezi mingi. Aweza kumtumia wakili, ambaye kwa kawaida hulipwa tu shauri likishinda, kwa kukatiwa sehemu isiyozidi robo ya malimbikizo, tena kwa mpaka uliowekwa na Serikali.

Hata akikubaliwa, ajue kwamba miezi 5 kamili ya mwanzo ya ulemavu kwa kawaida hailipwi, na kwamba bima ya matibabu iendayo pamoja na malipo hayo huanza baada ya miezi 24 ya kustahili malipo. Basi jamaa wajiandae kwa kipindi hicho kigumu.

WAJIBU WETU SISI

Papa Yohane wa XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alihesabu miongoni mwa haki za binadamu haki ya kutunzwa apatapo ugonjwa, au ulemavu utokanao na kazi yake. Papa Yohane Paulo wa II, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mlemavu ni mtu kamili mwenye haki zake zote. Thamani ya mtu haiko katika mkono wake, wala haipungui mkono ukishindwa.

Kwa hiyo twawaambia jamaa mliobaki huku: ndugu yenu akiandika kwamba mwezi huu hana cha kuleta kwa sababu ya mkono, msimshuku wala msimsimange. Wengi huficha maumivu yao kwa kuogopa barua za nyumbani, huendelea kukata nyama hata vidole visihisi tena kisu, na siku wanapokwenda kwa mganga ugonjwa umekwisha kuota mizizi. Mwambieni aende mapema.

Nanyi mliopo huko, mkiwa katika parokia yenye watu wetu, mchagueni mmoja ajuaye kusoma Kiingereza vema, ambaye atakaa na mgonjwa jioni moja, aisome naye barua ya Idara, na kuandika katika kalenda ya ukutani siku ya mwisho ya rufani. Hiyo ni huruma ya matendo. Haitaki fedha, yataka mtu mwaminifu, kalamu, na saa moja ya wakati wake.